Kupima dawa za miti shamba kwa chembe za fedha: maswali na majibu

Unga wa mlonge, majani ya mwarobaini, ubuyu: pita soko la Majengo hapa Dodoma utavikuta vimefungwa kwenye vifuko, na kila muuzaji ana orodha yake ya magonjwa. Kilichomo ndani, na kwa kiasi gani, hakisemwi. Njia mojawapo ya kukijua ni kutumia chembe ndogo mno za madini ya fedha, zinazotengenezwa kwa msaada wa mimea.

Chembe hizo ni kitu gani hasa?

Ni fedha ile ile ya pete na bangili, ila imegawanyika mpaka kila kipande kina upana wa nanomita 1 hadi 100. Unywele wa binadamu una nanomita kama 80,000. Ikishakuwa ndogo hivyo, mng'ao wake hupotea. Kwenye maji inaonekana ya njano au kahawia, kwa sababu elektroni zake hufyonza mwanga wa zambarau na bluu.

Kwani mmea una fedha ndani yake?

Hapana. Fedha inaletwa, mmea unaigeuza tu. Majani ya mlonge, kwa mfano, huoshwa, hukaushwa kivulini, husagwa, huchemshwa na kuchujwa. Maji yake hudondoshewa kwenye nitrati ya fedha iliyoyeyushwa, ambayo haina rangi kabisa. Ukitazama chupa utaona umanjano hafifu ukianza, kisha unakolea taratibu mpaka unafanana na chai ya rangi. Flavonoidi na tanini, kemikali za asili za jani, zimezipa elektroni ioni za fedha, yaani atomi zilizopungukiwa elektroni. Ioni zimekuwa atomi, na atomi zimekusanyika kuwa chembe. Molekuli hizo hizo za mmea huzizunguka chembe zisishikamane. Bila mmea, mkemia angetumia kemikali kali zaidi.

Maji ya visima vyetu vyenye chumvi yasikaribie kazi hii. Kloridi ikikutana na fedha hutoa ukungu mweupe papo hapo, na sampuli imeharibika. Yanatakiwa maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha yakapoozwa kuwa maji tena.

Sasa zinapimaje dawa?

Kwa rangi. Polifenoli, kundi la kemikali za mimea lenye flavonoidi na tanini, zikiwa nyingi kwenye sampuli, chembe nyingi zaidi huundwa na rangi hukolea. Mashine ya kupima mwanga husoma ukolevu huo, kwa kawaida kwenye mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 400 hadi 450, kisha usomaji hulinganishwa na ule wa kemikali yenye kiasi kinachojulikana, kama asidi ya galiki. Njia nyingine ni kuchukua chembe zilizokwisha kutengenezwa na kuongeza sampuli: kemikali inayotafutwa ikizifanya zishikamane, rangi hubadilika. Wengine huzipaka kwenye elektrodi, yaani ncha ya kupitishia umeme, na kupima umeme, hasa wanapotafuta kwersetini, flavonoidi iliyomo pia kwenye majani ya mlonge.

Majibu yake yanaaminika?

Kwa kiasi, na hapa ndipo wauzaji wa matumaini hutupotosha. Rangi haichagui. Ubuyu una vitamini C, nayo hugeuza fedha vile vile, kwa hiyo rangi iliyokolea haithibitishi kwamba kuna flavonoidi nyingi. Kwanza sampuli itenganishwe kwa kromatografia, njia ya maabara ya kutenga kemikali zilizochanganyika. Tena kipimo hiki hakisemi lolote kuhusu ukungu wa ghalani au madini ya risasi kwenye unga, na hakithibitishi kwamba dawa inaponya.

Basi ninywe maji yenye fedha, si yametokana na majani?

Usinywe. Kutengenezwa kwa jani hakuifanyi fedha kuwa chakula. Ikirundikana mwilini hugeuza ngozi kuwa ya kijivu-bluu, na mara nyingi rangi hiyo haitoki tena. Huweza pia kuzuia mwili kufyonza baadhi ya antibayotiki. Marekani ilitamka mwaka 1999 kwamba dawa zenye chembe za fedha zinazouzwa bila cheti cha daktari hazikuthibitishwa kuwa salama wala kufaa. Krimu ya fedha ya vidonda vya moto ni jambo jingine: hiyo hupakwa juu ya ngozi, kwa maelekezo ya mhudumu wa afya.

Nina dawa ya asili ninayotaka ipimwe. Nianzie wapi?

Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina makao yake makuu hapa Dodoma. Usajili wa waganga na dawa za asili uko chini ya Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002. Usipeleke unga peke yake. Beba na tawi lenye majani, na maua au matunda kama yapo, ili mmea utambuliwe. Na kama unameza dawa za kisukari au presha huku unatumia mlonge, mwambie daktari wako sasa, kabla majibu ya maabara hayajatoka.