Kinyonga hageuki rangi ya kitambaa unachomweka

Wengi huamini kwamba kinyonga akiwekwa juu ya kitambaa chekundu atakuwa mwekundu. Sivyo. Kijani au kahawia yake ya kawaida tayari inamficha majanini. Mabadiliko hutokana zaidi na joto, hofu na kuwasiliana na wenzake.

Asubuhi ya baridi hujitia weusi na kulielekezea jua ubavu alioubapisha, maana ngozi nyeusi hunyonya joto haraka. Jua likikolea, hupauka. Madume wawili wakikabiliana hung'aa, na anayeshindwa hufifia akaondoka.

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walionyesha, kwa kinyonga chui wa Madagaska, jinsi ngozi inavyofanya kazi hiyo. Chini ya seli zenye rangi ya njano kuna seli zilizojaa fuwele ndogo mno za guanini, kemikali itengenezwayo na mwili wenyewe. Akitulia, fuwele hukaribiana na kuakisi buluu, ambayo ikichanganyika na ile njano twaona kijani. Akisisimka, fuwele huachana, mwanga unaoakisiwa ukawa wa njano au wa chungwa. Kitambaa hakihusiki popote hapo.

Basi akiwa mweusi mkononi mwako mchana wa joto, huyo ameogopa. Mrudishe tawini.