Eti huku kwetu hakuna misimu? Tuongee ukweli kuhusu mvua, kumbikumbi na flamingo

Hii maneno ya "Kenya hatuna misimu, ni mvua na jua tu" naisikia kila mahali na inaniuma, manake mtoto akikua akiamini hivyo ataona nje ya nyumba hakuna kitu cha kufuatilia. Misimu iko, ila haipimwi na theluji kama kule Ulaya. Sisi tuko kwenye ikweta kabisa, laini yenyewe inapita Maseno pale, na jua linasimama wima juu yetu mara 2 kwa mwaka, karibu tarehe 21 Machi na 23 Septemba, sasa ukanda wa mvua unalifuata nyuma nyuma, ndio tunapata masika ya Machi hadi Mei halafu vuli kuanzia Oktoba. Na huku magharibi tuna zaidi ya hapo, Kakamega hata Agosti inanyesha wakati sehemu nyingi za nchi ni vumbi, Januari na Februari ndio angalau mvua inapungua.

"Kiangazi hakuna cha kuona." Angalia mti wa murembe basi, ule Wajaluo wanauita orembe. Unaangusha majani yote jua likiwaka halafu unatoa maua mekundu kama makaa kwenye matawi matupu, na chozi na nyuki wanajaa hapo asubuhi yote kwa sababu asali ya maua iko wakati vitu vingine vimekauka. Mbegu zake nyekundu zenye doa jeusi ni nzuri kwa macho lakini zina sumu, usiache mtoto atafune.

"Kumbikumbi huletwa na mvua, ni mdudu wake tofauti." Hapana, ni mchwa wale wale wa kwenye kichuguu. Kwa miezi wanalelewa ndani wakiwa na mbawa, wakingoja udongo ulainike. Siku ikifika hebu chuchumaa karibu na kichuguu uangalie, utaona wafanyakazi wanatoboa vishimo, askari wenye vichwa vikubwa wanatokea kwanza na kusimama mlangoni, kisha wenye mbawa wanasukumana kutoka, wanapanda nyasi, wanaruka. Aina zingine hutoka mchana, zingine usiku zikifuata taa. Wakitua wanakata mbawa zao wenyewe, ndio zile unafagia barazani asubuhi, halafu jike anatangulia na dume anamfuata mgongoni kabisa wakitafuta pa kuchimba, na hao wawili wakipona ndio mfalme na malkia wa kichuguu kipya. Wengi hawaponi, kuku, vyura, ndege na sisi wenye sufuria tunawangoja. Wale watoto wanaopiga vijiti chini kwenye kichuguu wanajua mengi kuliko vitabu vingi, waulizeni.

Hapo hapo kuna ile ya "uyoga huota radi ikipiga". Radi haihusiki. Ule uyoga mkubwa mtamu unaotokea kwenye vichuguu ni shamba la mchwa wenyewe, wanaulima chini ya ardhi kwa mabaki ya miti na majani wanayobeba na ndio chakula chao, sasa mvua ikilowesha udongo unapata nguvu ya kupenya juu. Unakuja na radi kwa sababu vyote viwili vinakuja na mvua, basi. Na kama huujui uyoga vizuri usiuchume peke yako, nenda na mama anayeujua.

Watu wa Kisumu, ule moshi mweusi unaosimama juu ya Ziwa Viktoria kama nguzo sio moto na hauleti malaria. Ni wadudu wa ziwa, mamilioni. Wanaishi wakiwa viluwiluwi kwenye maji na matope ya chini, halafu wanatoka kwa pamoja, sana sana karibu na mwezi mwandamo, wanapandana, wanataga na kufa haraka. Hawaumi. Samaki wanawala wakiwa chini, mbayuwayu wanawala wakiwa juu, kwa hivyo yale mawingu ni chakula cha ziwa zima. Na wengi wa hao mbayuwayu unaoona kuanzia Septemba hadi Aprili wametoka Ulaya na Asia wakikimbia baridi, misimu ya kwao pia inafika mpaka ufuo wa Dunga.

Nakuru nayo wanasema flamingo wamekwisha. Wamehama, na kuhama ndio maisha yao. Flamingo mdogo anakula mwani unaopenda maji ya magadi, na tangu maji ya Ziwa Nakuru yaanze kupanda kama 2010 hivi chumvi ilipungua na chakula kikapungua, wengi wakaenda Bogoria na Elementaita. Wanasafiri usiku, leo hapa kesho kule, na mayai wanataga Ziwa Natron, Tanzania. Ukikuta wachache Nakuru usirudi nyumbani na huzuni, uliza Bogoria kukoje wiki hiyo.

Ndege anayelia noti 3 zinazoshuka kabla ya mvua hamletei mtu mvua, yeye ni dume anayetafuta jike, na watoto wao watalelewa na ndege wa aina nyingine kwenye viota vya hao wengine.

Ya mwisho, "mvua ikianza usiende msituni." Huu ndio wakati wenyewe! Mchana upepo wa Ziwa Viktoria unapanda na kugongana na ule wa mashariki, hewa inasukumwa juu, mawingu yanajaa, ndio mvua inamwagika alasiri na jioni. Usiku inageuka, upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani na dhoruba zinakaa juu ya maji, wavuvi wanazijua vizuri. Kwa hivyo asubuhi mara nyingi ni yako. Fika Msitu wa Kakamega mapema, vaa gambuti, chukua mwelekezi wa pale pale, na jua likitoka simama kwenye njia yenye matope, vipepeo watashuka kufyonza chumvi, na msitu huo una aina zaidi ya 400. Ikifika saa 8 mchana anza kurudi.