Fangasi kwenye vali ya moyo: kwa nini dawa peke yake haitoshi

Mgonjwa aliyepandikizwa figo, anayetibiwa saratani, au aliyekaa wiki kadhaa na mpira kwenye mshipa mkubwa wa shingo akipata homa isiyokatika, tusikimbilie malaria na taifodi tu. Fangasi aina ya Candida, na mara chache zaidi Aspergillus, wanaweza kuingia kwenye damu na kung'ang'ania vali ya moyo, hasa ya bandia.

Candida mara nyingi huonekana damu ikioteshwa maabara. Aspergillus ni nadra kuota, kwa hiyo majibu safi yasimtulize mtu. Hapo echo (kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti), hasa ile inayopitishwa kwenye umio, ndiyo huonyesha donge kwenye vali. Madonge ya fangasi huwa makubwa na humeguka, na vipande huziba mishipa ya damu: mguu unauma ghafla na kuwa wa baridi, au kiharusi kinatokea kabla hata moyo haujashukiwa.

Donge halina mishipa ya damu ya kulipelekea dawa, na fangasi waliomo hujifunika utando. Ndiyo maana mpira hutolewa, na vali hubadilishwa mapema kila mgonjwa anapoweza kuhimili upasuaji.

Kwa Candida, hutumika dawa ya fangasi ya mshipa, amfoterisini B ya liposomu (iliyofungwa ndani ya vitone vya mafuta), miligramu 3 hadi 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, mara nyingi pamoja na dawa nyingine ya fangasi, flusitosini. Amfoterisini huchanganywa na dextrose (maji ya sukari) asilimia 5. Ikikutana na maji ya chumvi, hata mabaki kwenye mrija, hujitenga na kufanya chembechembe, hivyo mrija usafishwe kwanza kwa dextrose. Figo, potasiamu na magnesiamu vipimwe mara kwa mara. Flusitosini hudhoofisha uboho, jambo zito kwa mtu ambaye chembe zake nyeupe tayari ziko chini.

Matibabu huendelea angalau wiki 6 baada ya upasuaji. Asiyeweza kupasuliwa huendelea na flukonazoli, miligramu 400 hadi 800 kwa siku, pengine maisha yote, ikiwa Candida wake wanasikia dawa hiyo.

Flukonazoli haigusi Aspergillus. Huyo hutibiwa kwa vorikonazoli. Hii nayo hupandisha takrolimasi (dawa ya kuzuia mwili kukataa figo iliyopandikizwa) kwenye damu, kwa hiyo dozi ya takrolimasi hupunguzwa hadi theluthi moja na kiwango chake kupimwa. Rifampisini ya kifua kikuu, kinyume chake, huishusha vorikonazoli kiasi cha kuifanya bure. Dawa hizo mbili hazitolewi pamoja.