Ulna imevunjika, kiwiko je? Dhana potofu kuhusu jeraha la Monteggia kwa watoto

Mtoto ameanguka akajikinga kwa kiganja. Kigasha kimevimba, eksirei imepigwa, ulna imeonekana imevunjika, na kila mtu ametulia kwa kuwa kilichokuwa kikitafutwa kimepatikana. Hapo hapo ndipo kiwiko husahaulika. Kigasha kina mifupa miwili, ulna na radiasi, iliyofungwa pamoja juu na chini. Mmoja ukivunjika na kupinda, mwenzake mara nyingi haubaki ulivyokuwa, na kwa watoto kichwa cha radiasi, yaani ncha yake ya juu, kinaweza kuchomoka pale kiwikoni. Giovanni Battista Monteggia, daktari wa upasuaji wa Milan, alilieleza jeraha hili mwaka 1814, miongo kadhaa kabla eksirei haijagunduliwa. Sisi wenye picha hatuna sababu ya kulikosa, ila bado tunalikosa.

"Picha ya kigasha imeonyesha mvunjiko, inatosha."

Haitoshi. Kiwiko kinahitaji picha zake chenyewe, ya mbele na ya ubavuni, na ile ya ubavuni iwe ya ubavuni kweli. Kisha chukua rula. Piga mstari katikati ya shingo ya radiasi, uendelee nao hadi kwenye kapitelamu, kile kifundo cha mviringo kilicho mwisho wa mfupa wa mkono wa juu. Mstari unapaswa kukipitia kifundo hicho katika kila picha, mkono uwe umekunjwa au umenyooshwa. Ukipita pembeni hata kwenye picha moja tu, amini kwamba kichwa kimechomoka hadi ithibitishwe vinginevyo. Kwa mtoto mdogo kazi ni ngumu zaidi: kapitelamu huanza kuonekana karibu na umri wa mwaka 1, na kichwa cha radiasi kati ya miaka 3 na 5, kwa kuwa kabla ya hapo ni gegedu isiyotokea kwenye picha. Ukiwa na shaka, linganisha na mkono wa pili.

Mzazi naye ana haki ya kuuliza: "Daktari, kichwa cha radiasi kiko mahali pake?" Swali hilo si utovu wa adabu.

"Hakuna mfupa uliovunjika, kiwiko kimeteguka tu."

Mfupa wa mtoto unaweza kupinda bila kukatika, kama kijiti kibichi. Weka rula kwenye ukingo wa nyuma wa ulna katika picha ya ubavuni. Ukingo huo kwa kawaida umenyooka, na ukiona upinde unaozidi milimita 1, shuku. Wengine hudhani ni kile kiwiko cha mtoto mdogo aliyevutwa mkono, kinachorudishwa kwa kuzungusha kidogo. Lakini kile huja baada ya kuvutwa, na hakina uvimbe. Mtoto aliyeanguka na kuvimba asizungushwe mkono kabla ya picha.

"Lazima apasuliwe kama mtu mzima."

Kwa watoto wengi si lazima. Siri iko kwenye ulna: ikinyooshwa na kurudishiwa urefu wake, kichwa cha radiasi mara nyingi hurudi chenyewe. Mtoto hupewa dawa ya usingizi, mfupa hunyooshwa, kisha plasta hufungwa kupita kiwiko. Ulna iliyokatika kabisa kwa kukingama huhitaji waya ndani ya uboho. Iliyokatika kwa mshazari mrefu au vipande vipande huwekewa vyuma. Na kichwa kikikataa kurudi, jambo la kwanza kushuku ni kwamba ulna haijanyooka sawasawa.

"Hawezi kuinua kidole gumba, neva imekatika."

Mara nyingi imevutwa tu, na hurudi kufanya kazi baada ya wiki au miezi michache. Hata hivyo mtoto aonyeshe alama ya dole gumba juu kabla mkono haujanyooshwa, na jibu liandikwe.

"Ameshafungwa plasta, tumemaliza."

Ulna inaweza kupinda tena ndani ya plasta na kichwa kikachomoka kimya kimya. Ndiyo maana picha hurudiwa kila wiki katika wiki za mwanzo. Maumivu yanayozidi badala ya kupungua, au kilio kikali vidole vinaponyooshwa, ni dharura. Mrudishe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

"Haumwi tena, basi amepona."

Hii ndiyo inayoniumiza zaidi. Maumivu huisha, mtoto anarudi kucheza, na kichwa cha radiasi bado kiko nje. Baadaye mkono haukunjiki vizuri, kiwiko kinapinda kwenda nje, uvimbe mgumu unaonekana kwa mbele. Familia nyingine huanza kuukanda, na kukanda kwa nguvu kunaweza kuotesha mfupa ndani ya msuli. Zikipita wiki 3 au 4, kurudisha kichwa bila kupasua hushindikana mara nyingi. Daktari hulazimika kuikata ulna upya na kuipanga, wakati mwingine pia kutengeneza kano inayoshika kichwa cha radiasi, na hata hapo mkono hauna uhakika wa kurudi ulivyokuwa.