Je, wajua? Fungu moja la shamba linaweza kukutajia ndugu watano

Anayefuatilia nasaba ya walowezi wa kwanza wa Marekani hurudi nyuma vizuri hadi 1850, kisha hukwama. Sababu ni sensa. Kuanzia 1790 hadi 1840 iliandika jina la mkuu wa kaya tu. Mke na watoto walikuwa tarakimu. Ya 1850 ndiyo ya kwanza kumtaja kwa jina kila mtu huru. Waliokuwa watumwa walisubiri, wengi wao, hadi 1870.

Kwa miaka ya kabla ya 1850, shika hati za ardhi. Ndizo tegemeo kubwa kuliko yote. Huko Massachusetts enzi za ukoloni, mtu akifa bila wosia, mjane alipewa theluthi ya ardhi aitumie maisha yake yote. Iliyobaki waligawana watoto: mwana wa kiume wa kwanza mafungu mawili, wengine wote, mabinti wakiwemo, fungu mojamoja. Watoto watano, basi, mafungu sita. Ukikuta mume na mke wanauza “fungu moja kati ya sita” la shamba la marehemu, yaelekea mke huyo ni binti yake, na watoto waliorithi walikuwa watano. Wanne waliosalia watafute katika faharasa ya wauzaji ya kaunti hiyohiyo. Ndugu mmoja akiwa amefariki na kuacha watoto watatu, fungu lake huweza kugawanywa sehemu tatu, nawe ukakutana na moja ya kumi na nane.

Kosa la wengi ni kuacha kutafuta miaka mitano baada ya msiba. Theluthi ya mjane iligawiwa alipokufa yeye, pengine miaka 30 baadaye. Na ukivuka kwenda Connecticut au Rhode Island, hati hizo hutunzwa mjini, si kaunti.

Angalia tarehe pia. Kabla ya 1752, katika makoloni ya Uingereza, mwaka ulianza Machi 25. Waliooana Mei 1700 wakapata mtoto Februari 1700 hawakuzaa kabla ya ndoa. Februari hiyo ilikuja miezi tisa baadaye, na makarani waangalifu waliandika 1700/01.

Neno “Junior” (mdogo) nalo halikumaanisha lazima mtoto wa “Senior” (mkubwa). Lilitenganisha watu wawili wenye jina moja mjini, hata ami na mpwa. Mkubwa akifa, mdogo aliweza kuanza kuandikwa “Senior”, na hapo ndipo watu wawili huunganishwa kuwa mmoja.