Sigara Haipunguzi Mawazo

"Acha kwanza karo ya muhula huu ipite, ndipo niache sigara. Ndiyo inanipunguzia mawazo." Maneno hayo nayasikia hapa Kisumu kila wiki, na nimechoka kuyajibu mtu mmoja mmoja.

Nikotini mwilini hupungua kwa nusu kila baada ya saa mbili hivi. Ikishuka, arosto inaanza: moyo mzito, hasira za karibu, mikono haitulii. Ukiwasha fegi arosto inatulia, nawe unadhani mawazo ya karo yametulia. Karo iko palepale! Ulichotuliza ni kiu iliyoletwa na fegi iliyotangulia. Walioacha kabisa, miezi ikipita, kwa kawaida huwa na wasiwasi mdogo kuliko walipokuwa wakivuta.

Siku ya pili na ya tatu ndizo ngumu zaidi. Hapo mtu huona kila mlango umefungwa. Tafadhali, usiyahukumu maisha yako siku hiyo. Ni nikotini inatoka, na ndani ya wiki mbili hadi nne mambo hulegea.

Kuna jambo watu hawaambiwi: chai na kahawa. Moshi wa sigara hulifanya ini liondoe kafeini haraka. Ukiacha, kikombe kilekile kinakaa mwilini muda mrefu zaidi. Usingizi unakataa, moyo unadunda, nawe unailaumu arosto. Punguza vikombe kwa nusu.

Bigijii ya nikotini, ya kutuliza arosto bila moshi: miligramu 4 kama unavuta ya kwanza ndani ya nusu saa baada ya kuamka, la sivyo 2. Itafune polepole mpaka iwashe, iegeshe kati ya shavu na ufizi, ikipoa utafune tena, kwa nusu saa. Ukiitafuna mfululizo unaimeza nikotini, na utapata kwikwi na kichefuchefu. Dakika 15 kabla yake, usinywe chai wala soda.

Vitabu husema uchague siku tulivu ya kuanza. Nina shaka na hilo. Mwendesha boda wa Kondele ataipata wapi? Chagua tarehe yoyote ndani ya wiki mbili.

Hofu yangu kubwa ni kibanda. Sheria ya Kenya ya kudhibiti tumbaku ya 2007 inakataza kuuza sigara moja moja, lakini zinauzwa. Wimbi moja la arosto hudumu dakika tatu hadi tano tu. Kibanda kikiwa hatua kumi kutoka steji, fegi itakufikia kabla wimbi halijapita. Wiki hizo, egesha pikipiki upande mwingine.

Ukiteleza ukavuta moja, rudi kwenye bigijii saa hiyohiyo. Usingoje Jumatatu.