Filamu za Mabaharia wa Pasifiki: Maana Yake na Ubishi Uliozizaa

Zikitajwa filamu za mabaharia wa Pasifiki, wengi hukumbuka Moana, katuni ya Disney ya mwaka 2016. Hiyo ni moja tu. Kundi hili lina filamu za kubuni na za kumbukumbu zinazoeleza jinsi Wapolinesia na Wamikronesia, wenyeji wa visiwa vya Pasifiki, walivyovuka bahari kubwa kuliko zote duniani, na jinsi Wapolinesia walivyokaa Samoa, Tonga, Tahiti, Hawaii, Rapa Nui na Nyuzilandi, ambayo Wamaori huiita Aotearoa. Walisafiri bila dira, bila ramani ya karatasi, na vyombo vyao vilishonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja. Si kila filamu yenye ufukwe na minazi imo. Wapenzi wawili wa mjini wakienda fungate kisiwa cha Bora Bora, hiyo ni filamu nyingine. Katika filamu ninazozisema, bahari ni njia ya kupita na anayeongoza chombo ni msomi wa bahari hiyo.

Usomi huo ulibishaniwa kwa miaka mingi, na asiyeujua ubishi wenyewe atazitazama filamu hizi juujuu. Mwaka 1947 Thor Heyerdahl, Mnorwe, aliondoka Peru na wenzake watano juu ya chelezo cha magogo kilichoitwa Kon-Tiki. Baada ya siku 101 za kusukumwa na upepo na mkondo, walipanda mwamba wa Raroia katika visiwa vya Tuamotu. Alitaka kuonyesha kwamba watu wa kwanza wa Polinesia wangeweza kutoka Amerika ya Kusini kwa kufuata mkondo, na filamu ya safari hiyo ikapata Oscar. Mwaka 1956 Andrew Sharp wa Nyuzilandi akaja na hoja nyingine: kwamba safari zile ndefu zilikuwa za kupotea au kupeperushwa, si za kukusudia. Kwa wenyeji wa visiwa hivyo ilikuwa dharau kubwa. Mababu zao walifanywa kama nazi zilizoanguka majini zikaokotwa ufukwe wa mbali.

Jibu lilitolewa kwa chombo. Mwaka 1973 chama cha Polynesian Voyaging Society kilianzishwa Hawaii, na mwaka 1975 kikashusha majini Hōkūleʻa: mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa jukwaa, urefu wa takriban mita 19, na matanga mawili. Tatizo lilikuwa nahodha. Hawaii nzima haikuwa na mtu aliyeirithi elimu ile. Wakamwendea Mau Piailug wa Satawal, kisiwa kidogo sana cha Mikronesia, ambaye alifundishwa na babu yake tangu utotoni. Mau alikuwa hajawahi kufika Tahiti. Tarehe 1 Mei 1976 walitweka tanga kutoka kisiwa cha Maui, Hawaii, na tarehe 4 Juni wakaingia Papeete, Tahiti, zaidi ya kilomita 4,000, ambako umati wa watu wapatao 17,000 ulikuwa umejaa ufukweni. Watu wa jarida la National Geographic walikuwapo na kamera zao, na tangu hapo kamera na mtumbwi vimekwenda pamoja.

Sasa, Mau alijuaje njia? Filamu ya kumbukumbu ya mwaka 1983, The Navigators, inamwonyesha nyumbani kwao Satawal. Anapanga vipande vya mawe kwa duara, na katikati anaweka kielelezo cha mtumbwi. Kila kipande ni mahali ambapo nyota fulani huchomoza au kutua kwenye upeo wa bahari. Vijana hukariri jozi zote: nyota hii ikichomoza hapa, itatua pale. Usiku mmoja nyota kadhaa hufuatana kuchomoza mahali pamoja, kwa hiyo ya kwanza ikipanda juu mno, nahodha huishika inayofuata. Na mawingu yakifunika anga hutumia mawimbi. Yapo mawimbi marefu yanayotoka mbali na hayabadiliki upesi kama yale ya upepo wa leo. Nahodha huyasikia kwa mwili, namna yanavyokiinua chombo upande mmoja na kukilaza upande wa pili, hata akiwa amelala ndani.

Kuna jambo ambalo kamera hupata shida kulionyesha, nami naliona ndilo kubwa kuliko yote. Nahodha wa Mikronesia anapohesabu umbali aliokwenda, huwaza kwamba chombo kimesimama na visiwa ndivyo vinavyotembea. Huchagua kisiwa cha tatu, kilicho pembeni ya njia na kisichoonekana, kisha akilini mwake hukiona kikirudi nyuma, kutoka chini ya nyota hii hadi chini ya nyota ile. Kikishapita nyota zote zinazohusika, safari imefika. Hesabu yote hiyo iko kichwani, mchana na usiku, na ndiyo maana nahodha hulala kidogo sana.

Moana iligusa sehemu ya haya kwa watoto. Maui, ambaye humo si kisiwa bali ni nusu-mungu, anamsahihisha msichana Moana jinsi ya kunyoosha kiganja kupima nyota, na anamwambia kwamba kuongoza chombo ni kujua ulipo kwa kujua ulikotoka. Kisa chenyewe kimejengwa juu ya fumbo la kweli la historia: baada ya kufika Samoa na Tonga karibu miaka 2,800 iliyopita, watu wale walikaa muda mrefu sana, huenda zaidi ya miaka elfu moja na nusu, kabla ya kuendelea mashariki. Mtazamaji wa pwani yetu atazame pia kile chombo kidogo cha Moana. Kina tengo, yaani gogo la pembeni la kukizuia kisipinduke, upande mmoja. Ngalawa ina matengo pande zote mbili. Watu wa asili hiyo hiyo ya lugha walivuka Bahari ya Hindi kutoka upande wa Borneo wakakaa Madagaska, na wataalamu wengi huihusisha ngalawa na urithi huo.

Malalamiko juu ya Moana yalikuwepo, na yana haki. Wengi hawakupenda Maui alivyonenepeshwa, na Disney ililazimika kuondoa sokoni vazi la watoto lililoigiza ngozi yenye chale zake. Filamu nyingine, Whale Rider ya mwaka 2002, iliyopigwa Whangara, Nyuzilandi, kwa Wamaori wenyewe, haina nyota wala safari ndefu, lakini mtumbwi mkubwa uliobaki nchi kavu bila kumalizika unabeba uzito wote wa kisa.

Filamu ninayoipenda kuliko hizo ni Papa Mau ya mwaka 2010, iliyotengenezwa na Nāʻālehu Anthony, Mhawaii ambaye mwenyewe amekuwa baharia wa Hōkūleʻa. Inaeleza kwa nini Mau alikubali kuwafundisha wageni elimu ya ukoo: vijana wa kwao walikuwa wameanza kuipa kisogo, naye aliona bora ipone kwa watu wengine kuliko kufa naye. Mwanafunzi wake Nainoa Thompson aliongoza chombo hadi Tahiti na kurudi mwaka 1980. Mwaka 2007 Mau aliwatawaza yeye na Wahawaii wengine wanne kuwa manahodha kamili, kwa mila, palepale Satawal. Anayetaka kuanza aanze na hiyo, kisha arudi kwenye Moana pamoja na watoto. Wataanza kuuliza maswali kuhusu kile kiganja, na safari hii atakuwa na la kuwajibu.